Machozi ya Simba wa Bellevue

Jumanne tarehe 16 Oktoba 2018, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mtaalamu wa mawe kutoka Italia alitia mikono miwili chini ya kidevu cha simba, akajikaza kama mtu anayenyanyua mfuko wa saruji, akavuta. Simba akamjia kifuani mwepesi kama mkate. Mtaalamu alianguka kitako sakafuni, na sikio moja la simba likabaki kiganjani mwake, limevunjika, lina chembechembe ndani kama muhogo.

Mle ghalani, chini ya nyumba, walikuwemo watu sita na hakuna aliyecheka. Mama Léocadie alitaka kucheka, maana alikuwa na miaka sitini na saba na hajawahi kuona Mzungu mwenye digrii akiangushwa na plasta, lakini aliutazama uso wa Signora Bruna, mwenye nyumba, akakimeza kicheko chake.

Nyumba ile ya mtaa wa Bellevue, Johannesburg, kwa juu, ilifanana na jirani zake: bati jekundu, vyumba vilivyogawanywa kwa mbao, jiko moja la watu kumi na wanane. Ajabu yake ilikuwa chini. Wapangaji Wakongomani walikuita kave, kwa Kifaransa chao. Baba yake Signora Bruna alikuwa mwashi wa Kiitaliano, aliyeletwa Afrika Kusini akiwa mfungwa wa vita. Vita vilipokwisha alirudi kwao akakuta kasri la mji wake limekuwa shimo. Lilikuwa limesimama miaka karibu mia tano, tangu enzi ambapo matajiri wa kule walishindana kwa nguzo na sanamu, na bomu moja la mwaka 1944 likamaliza ghorofa zote tatu. Kilichosalia ni ghala la chini: matao manne, nguzo nane fupi, na kichwa cha simba ukutani, aliyekuwa akitema maji ya kisima mdomoni. Wakubwa wa mji walitaka kuyasaga mawe yale yawe kokoto. Mwashi akayaomba, akaliandika kila jiwe namba, akayapakia melini, na kule Johannesburg akayapanga upya chini ya nyumba yake kama yalivyokuwa. Ya upande wa mlango yalikuwa mekundu, maana moto wa vita uliyapika. Simba naye alikuwa mwekundu shavu moja.

Sasa mji ule ulikuwa unalijenga upya kasri lake, na ulikuwa umeomba mawe yarudi. Barua ilifika tarehe 20 Agosti. Signora Bruna, mwenye miaka sabini na minane na flati yake Randburg, alikubali bila kutaja bei. Na leo, mbele ya macho yake, jiwe la kwanza kushushwa lilikuwa la bandia.

Saa tano kamili akafika Sajini Mathebula, mtu mpole mwenye daftari dogo. Aliuliza maswali matatu tu. Nani ana ufunguo? Libère, mlinzi, Mrundi wa miaka thelathini na mmoja. Tangu lini? Tangu tarehe 1 Septemba. Na mara ya mwisho simba wa kweli alionekana lini? Hapo watu walitazamana, kwa sababu jibu lilijulikana na mtaa mzima.

Jumapili tarehe 7 Oktoba, siku ya joto kali, watu sabini walikuwa wamebanana kwenye kave wakisali na Pasta Octave, mishumaa arobaini ikiwaka, na simba akalia. Machozi mazito ya rangi ya chungwa yalimtoka pembe za macho, yakashuka mashavuni. Wamama walianguka chini. Pasta alihubiri saa tatu mfululizo. Jumapili iliyofuata walikuja watu mia mbili, wengine kutoka Hillbrow, na simba akalia tena.

"Basi tarehe 14 alikuwepo," alisema sajini, akiandika. "Ameibwa kati ya tarehe 14 na leo. Na siku hizo mbili ufunguo ulikuwa kwako."

Libère alijibu kwamba hajui kitu. Akarudia kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili, akarudia kwa Kirundi, ambacho sajini hakukijua hata salamu. Walimwingiza garini saa tano na nusu. Mkewe, Emérite, alisimama getini akishika mlingoti wa taa, hakulia. Alimwambia Mama Léocadie jambo moja tu: karatasi ya ukimbizi ya mumewe ilikuwa inaisha tarehe 31, na mtu aliye rumande hawezi kusimama kwenye foleni ya kuirefusha. Karatasi ikifa, atarudishwa Burundi, na yeye alitoka huko mwaka 2015 kwa kupita dirishani. Kesho kutwa, Alhamisi saa tano na nusu, angefikishwa mahakamani.

Mama Léocadie alirudi kwenye kave kabla haijafungwa, akaomba kufagia. Hakuna anayemzuia mwanamke mzee mwenye ufagio. Alifagia vipande vyote vya lile sikio, akavitia mfukoni mwa aproni.

Ni lazima isemwe kwamba jambo moja alikuwa akilijua tangu siku ya machozi na hakuwa amelisema. Watu walipokuwa wameanguka kifudifudi, yeye, ambaye magoti yake hayakunjiki haraka, alibaki amesimama karibu na ukuta. Akanyoosha kidole, akakigusa kwenye chozi, akakilamba. Mawese. Akanyamaza, maana watu walikuwa na furaha, na furaha Bellevue haiji kila wiki. Tena yeye ndiye aliyeuza mawese mtaa mzima, yakimjia kwa basi kutoka Uvira, Kongo, kwenye madumu ya njano, akiyagawa kwenye chupa za soda. Alifikiri tu kwamba pasta kampaka simba mafuta usoni, na akajiahidi siku moja kumcheka faraghani.

Kwa hiyo mchana ule alianzia kwa pasta, na kwa kweli aliomba moyoni awe ni yeye.

Octave alimpokea sebuleni, akiwa na soksi. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mnene, mwenye sauti ya redio.

"Pasta," alisema Mama Léocadie, "yule simba ulimpaka mawese na mkono gani?"

"Mama Léo, ogopa Mungu."

"Namwogopa. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza, sijaenda kwa sajini."

Pasta alikaa. Hakuapa, alitoa jasho, halafu akasema yaliyomo moyoni. Hakumpaka. Alipoona machozi aliogopa kuliko waumini wote, ndiyo sababu alihubiri saa tatu, hakujua anyamazeje. Usiku wa Jumatatu alirudi peke yake, akamfuta simba kwa leso na kumtazama kwa tochi. Uso ulikuwa mkavu. Akakaa saa nzima. Kave ikapoa, na simba hakutoa hata tone. "Yanatoka ndani, Mama. Si ya kupakwa. Watu wakiwa wengi na joto likipanda, yanatoka ndani." Akatoa ile leso kwenye Biblia, ina doa la chungwa, kaikunja kama kitu kitakatifu.

Mama Léocadie aliinusa, kisha akailamba pembeni. Pasta akafumba macho.

Ladha ilikuwa ileile ya siku ile, lakini sasa aliipa muda ulimini. Nyuma ya utamu wa mawese kulikuwa na uchungu mdogo, kama sufuria iliyoachwa. Mafuta yaliyoungua. Akaaga bila kumaliza chai, na pasta akajua kwamba jambo limekuwa zito, kwa kuwa Mama Léocadie hakuwa na kawaida ya kuacha chai ya watu.

Nyumbani alivigawa vipande vya sikio mafungu mawili kwenye visahani viwili. Kimoja akakitia kwenye friji ya spaza, duka dogo la pembeni, karibu na maziwa. Kingine akakiweka juu ya kifuniko cha jiko. Baada ya robo saa kile cha jikoni kilikuwa kinalia. Kile cha friji kilikuwa kikavu, kigumu, na ukikigusa utasema ni jiwe.

Akakaa kitandani. Mawese ya Uvira hayapendi baridi ya Johannesburg. Juni na Julai yanaganda kwenye dumu hadi uyachote kwa kisu. Aliyeifinyanga sura ile alipaka mawese ndani ya kalibu ili plasta isinate, kama wafyatuaji wa matofali wa Uvira wanavyopaka kibao chao, tena akayachanganya kwenye plasta yenyewe ili ipate wekundu wa jiwe lililoungua. Kazi nzuri. Lakini aliifanya wakati wa baridi. Mafuta yaliganda humo ndani, akayaona yametulia, akaamini yatatulia hivyo daima. Mtu wa hapa angetumia mafuta ya injini. Mtu anayejua mafuta na joto angesubiri Oktoba aone. Huyu alifuata mkono wake ulivyofundishwa kwao, na akasahau yuko nchi gani.

Basi simba aliyelia tarehe 7 alikuwa tayari wa bandia, na wa kweli alitoka tangu Juni au Julai. Libère alipewa ufunguo Septemba.

Hapo angeweza kusimama na kukimbilia polisi. Lakini kulikuwa na ule uchungu wa kuungua, na huo alikuwa akiujua kwa aibu yake mwenyewe.

Marcelline, mke wa Mzee Évariste, jirani kutoka Uvira, alifariki tarehe 2 Juni. Wiki ile Mama Léocadie aliweka dumu zima la mawese motoni yayeyuke, akaenda mlangoni kubishana na mtu wa umeme, akarudi yamefuka moshi. Hayakuuzika. Akayapeleka msibani, lita ishirini, akasifiwa kwa ukarimu na watu wote, akazipokea sifa. Dumu lote lilibaki nyumba moja. Nyumba ya Évariste.

Na Évariste ndiye aliyetunza kave miaka kumi na tisa, ndiye aliyeshika ufunguo hadi tarehe 31 Agosti, siku kumi na moja baada ya barua ya Italia. Alimkabidhi Libère akisema miguu yake haiwezi tena ngazi. Lakini kila Jumamosi alipanda teksi mbili na kutembea kilometa moja na nusu hadi kaburini kwa mkewe.

Mama Léocadie alikumbuka pia siku ya arobaini, Alhamisi tarehe 12 Julai, kulipokuwa na baridi ya kukata masikio. Makaburi yote ya safu ile yalikuwa na vibati vya namba. La Marcelline lilikuwa na jiwe, limelala kichwani pake, mgongo juu, limekwaruzika. Évariste alisema rafiki yake wa ujenzi kamsaidia. Katikati ya jiwe kulikuwa na tundu, na Mama Léocadie mwenyewe alichomeka humo maua ya plastiki, akasema Marcelline hata kaburini amepata chombo cha maua.

Jumatano asubuhi aliomba kufagia tena. Ukutani, pale simba alipokuwa, palikuwa na chuma kimechomoza, chuma cha zamani ambacho kichwa kilikuwa kimeshikiliwa nacho. Akakizungushia dole gumba. Unene wake ulikuwa sawasawa na wa lile shina la maua.

Saa nane mchana alikuwa mbele ya Sajini Mathebula na visahani vyake viwili, kimoja kimefungwa kwa barafu, kingine akakiweka juani dirishani. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni, kilichojifunza kuhesabu kabla ya kusalimu, lakini kilitosha. Sajini alitabasamu mwanzoni. Kisahani cha dirishani kilipoanza kutoa tone, aliacha kutabasamu, akavuta kiti.

"Nani aliyeunguza mafuta?" aliuliza.

"Mimi."

"Nani mwingine anajua?"

"Sasa ni wewe. Naomba isiandikwe."

Iliandikwa. Kisha sajini akauliza jina, na Mama Léocadie akamwomba kitu kimoja: kesho saa mbili asubuhi aje makaburini na Signora Bruna, bila pingu mkononi. Akisema jina kituoni, alieleza, atakuwa amemshtaki mtu. Akilisema pale, huenda mwenyewe akalisema kabla yake. Sajini alimkumbusha kwamba saa tano na nusu mahakama haingoji mtu.

Alhamisi saa mbili na dakika kumi walikuwa wanne penye kaburi la Marcelline. Évariste aliletwa na Mama Léocadie, aliyemwambia kwamba maua ya plastiki yamefifia na anataka kubadilisha. Alipomwona Signora Bruna alivua kofia. Alipomwona sajini hakuivaa tena.

Mama Léocadie alipiga magoti, ikamchukua muda, akang'oa maua. Tundu likabaki wazi.

"Shemeji," alisema, maana Marcelline alikuwa kama mdogo wake. "Mafuta niliyokupa yaliungua. Nilijua, nikayaleta hivyohivyo. Nakuomba msamaha. Sasa na wewe sema lako."

Ndege ya asubuhi ikapita juu, wote wakaisubiri.

"Miguu yangu ni mizima," alisema mwishowe.

"Najua."

"Barua ilipofika nilitaka kumrudisha. Nikaja hapa mara tatu na sururu. Sikuweza."

"Ukaweza kumtafuta Libère. Hukumpa ufunguo, Évariste. Ulimpa kesi. Ana mtoto wa miaka minne, naye karatasi yake inaisha wiki ya kesho kutwa. Wewe karatasi yako ilichukua miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja," alisema Évariste.

Yaliyobaki aliyasema akimtazama Signora Bruna, kwa Kiswahili, na Mama Léocadie akatafsiri kama alivyoweza. Mwaka 1998 nyumba yao ya Uvira ilichomwa. Ndani walikuwemo watoto wao wawili na mama mkwe. Waliporudi baada ya siku nne, hata matofali yalikuwa yamebebwa, majirani wamejengea vibanda. Hawakuzika kitu. Johannesburg alipata kazi ya kufagia mawe ya watu waliopigwa bomu, na signora akamsimulia jinsi baba yake alivyoyabeba moja moja. Marcelline kila Jumamosi alimfuta simba uso kwa kitambaa chenye maji. Alisema shavu lile lililoungua analijua. Alisema simba amefanana na baba yake, hasa asubuhi. Alipokufa wakampa kibati chenye namba.

"Nikasema, huyu mmoja tu. Mna mawe mia mbili na kumi. Sikujua kwamba nao wangeitwa nyumbani. Nilimlaza uso chini ili aonane naye."

Signora Bruna hakuinua mkono wala sauti. Aliinama, akashika ukingo wa jiwe, akauliza kama anaweza kumwona. Sajini na Évariste wakaligeuza. Udongo ulikuwa umejaa machoni na mdomoni, na lile shavu jekundu lilikuwa limeota ukungu. Signora alifuta kwa leso yake, taratibu, kama mtu anayefuta mtoto aliyetoka kucheza. Halafu akasema kwa Kiingereza kwamba baba yake angemtengenezea Marcelline jiwe, kama angeombwa.

"Sikujua kama mtu kama mimi anaweza kuomba," alijibu Évariste.

Saa tano na dakika tano, mlangoni mwa rumande, mmoja alikuwa anatoka na mwingine anaingia. Évariste aliinamisha kichwa, akasema kwa Kirundi neno la kuomba radhi alilofundishwa na Emérite, waliyemchukua njiani. Libère alimpita bila kujibu. Alifika kwenye ngazi, akasimama, akageuka.

"Chukua blanketi la kijivu," alisema. "Lile la buluu lina chawa."

Kisha akashuka kwa mkewe. Tarehe 29 alisimama kwenye foleni tangu alfajiri, na karatasi ikarefushwa miezi sita.

Simba alipanda ndege Novemba akiwa na namba yake ya zamani. Évariste alihukumiwa kifungo cha nje, Signora Bruna akiwa shahidi wa kumwombea, na Pasta Octave, kanisa lake likiwa limerudi kuwa na watu sabini, akaanza kuhubiri kwa dakika arobaini, jambo ambalo waumini wengine walisema ndio muujiza wenyewe.

Plasta haikutakiwa na mtu. Sajini aliirudisha baada ya kesi, ikiwa na sikio moja, na Mama Léocadie na Évariste waliipeleka kaburini kwa teksi mbili, imevishwa mfuko wa ngano. Safari hii waliiweka uso juu. Ilikuwa Januari, saa saba mchana, jua la kupasua. Hawakukaa dakika kumi, chozi la kwanza likatoka pembe ya jicho, likashuka, na sisimizi wakaanza kupanga foleni.

"Mvua ikija itamyeyusha," alisema Évariste.

"Itamyeyusha," alisema Mama Léocadie. Akafungua mfuko wake, akatoa kitambaa na chupa ya maji, akampa. "Ni Jumamosi. Mfute uso."